Nyayo za Mbwa Kwenye Theluji

Ukurasa wa mwezi huu tumewaachia wasomaji wanaofuga mbwa kwenye nchi za theluji. Wengi walikulia mahali ambapo mbwa hulinda boma na kulala uani, na sasa wanashika kamba alfajiri nyuzi zikiwa 15 chini ya sifuri. Karibu wote mmeuliza habari za hali ya hewa. Majibu yetu, mtaona, mengi yanahusu miguu.

Anasimama njiani na kuinua mguu

*Ndugu wahariri, pokeeni salamu. Nina mbwa chotara wa Labrador, kilo 28, miaka mitatu. Majira ya joto tunatembea saa nzima bila shida. Tangu theluji ianguke, tukifika dakika ya kumi na tano anasimama, anainua mguu mmoja, kisha mwingine, halafu anakaa chini na kunitazama. Mume wangu anasema ni uvivu tu. Ni kweli? – Msomaji, Edmonton, Kanada*

Dada, shemeji amemwonea. Labrador wa kilo 28 hashindwi na robo saa ya baridi ya mwilini. Kinachomshinda kiko chini ya miguu, na mahali anaposimama panakupa nusu ya jibu.

Akisimama kwenye njia ya lami au zege iliyofagiliwa, ni chumvi. Akisimama kwenye theluji laini siku ambayo baridi si kali, kati ya sifuri na nyuzi 5 chini yake, ni mabonge ya barafu katikati ya vidole. Akisimama popote pale, nyuzi zikiwa 25 chini ya sifuri na theluji inalia chini ya viatu vyako, basi nyayo zenyewe zimeshikwa na baridi na mnatakiwa kurudi.

Tuanze na mabonge. Theluji inayokaribia kuyeyuka ina maji ndani yake. Inashika nywele za katikati ya vidole kama unga wa chapati unavyoshika vidole vya mpishi. Joto la mguu linaiyeyusha kidogo, kisha inaganda upya, na kila hatua inaongeza tabaka. Muda si mrefu mbwa anatembea na kokoto zilizofungwa kwenye nywele zake, na kila akikanyaga zinamvuta. Siku ya baridi kali theluji huwa kavu kama unga wa muhogo, haishiki. Ndiyo maana mbwa huyohuyo anaweza kuchechemea leo nyuzi zikiwa 2 chini ya sifuri, na kesho akakimbia vizuri zikiwa 15.

Tafuta mkasi wenye ncha butu. Mlaze ubavu, tanua vidole, kata nywele zote zilizozidi usawa wa nyayo. Usizame na mkasi hadi kwenye mizizi: ngozi ya hapo ni nyembamba, na vinywele vifupi vinavyobaki huizuia isisuguane. Rudia kila wiki tatu au nne. Dakika chache kabla ya kutoka, paka nta ya nyayo, ile inayotengenezwa kwa ajili ya mbwa, tabaka jembamba, na usisahau katikati ya vidole. Vaselini inafaa kwa mzunguko mfupi, ila inatoka upesi, inachafua sakafu na mbwa huilamba. Bonge likishajitengeneza njiani usilivute. Vua glavu, lishike kiganjani mpaka lilegee, kisha lipasue vipande vipande.

Sasa chumvi. Chumvi ya kawaida hupoteza nguvu baridi ikipita nyuzi 10 hivi chini ya sifuri, kwa hiyo wenye nyumba na maduka humwaga kalsiamu kloraidi, ambayo hutoa joto inapokutana na unyevu. Punje yake ikinasa kati ya vidole vilivyolowa, inaunguza. Mguu ukiwa na ufa ndiyo balaa. Kisha mbwa anafika nyumbani na kujilamba. Kiasi kidogo kinamtoa mate na kumtia kiu. Kikizidi anatapika na kuharisha, na mbwa aliyekula chumvi nyingi hasa anaweza kupata degedege.

Weka beseni mlangoni, maji ya uvuguvugu yenye kina cha sentimeta 5 hivi. Chovya kila mguu kama sekunde kumi huku unafungua vidole, kisha kausha kwa taulo hadi katikati yake. Kukausha ndiko watu hukuruka, na mguu unaoachwa mbichi kila siku ndio unaopasuka. Kwa mbwa mwenye miguu mifupi, futa na tumbo. Kwenye njia ya nyumbani kwako mwaga mchanga badala ya chumvi. Hauyeyushi barafu, lakini unazuia kuteleza, ninyi na mbwa pia.

Viatu vinne, vimebaki vitatu

*Wahariri, hongereni kwa kazi. Nimemnunulia mbwa viatu vya theluji. Siku ya kwanza kimoja kimepotea, na kwa vilivyobaki anatembea kama aliyekanyaga gundi. Niviache? – Msomaji, Minneapolis, Marekani*

Usiviache, vipime upya. Tunabahatisha kwamba kilichopotea ni cha nyuma. Miguu ya nyuma ya mbwa wengi ni myembamba kuliko ya mbele, na seti ya viatu vinne vya saizi moja humwaga vile vya nyuma kwenye theluji ya kwanza yenye kina.

Mkanyagishe mguu wa mbele juu ya karatasi, kisha inua ule mwingine wa mbele ili uzito wote uulalie wa kwanza na vidole vitanuke. Chora pande mbili kwa penseli na upime upana. Upana ndio unaoamua saizi. Fanya hivyo hivyo nyuma. Mkanda wa kufungia ukae mahali mguu ulipo mwembamba, juu ya wayo, bila kukwaruza ule ukucha wa pembeni usiogusa ardhi. Kidole chako kimoja kipite chini ya mkanda kwa shida kidogo. Ukikaza zaidi ya hapo unazuia damu kushuka, na mguu usiopata damu huganda haraka hata ukiwa ndani ya kiatu. Kila nusu saa fungua kimoja ukague: kuna theluji iliyoingia? Ngozi imekuwa nyekundu?

Ule mwendo wa gundi ni jambo la kujifunza. Mvalishe sebuleni viatu viwili vya mbele tu, dakika moja, mpe nyama, vua. Kesho vinne, dakika tatu, na umchezeshe mpira ili asahau miguu. Baada ya siku nne au tano toka naye hadi mwisho wa mtaa. Ukimvalisha mara ya kwanza mlangoni, nje kukiwa na baridi, atavichukia mwaka mzima.

Viatu vya bei ghali si lazima. Mbwa wa Iditarod, mashindano ya kuvuta sleji (gari lisilo na magurudumu linaloteleza juu ya theluji) kule Alaska, huvaa vifuko vyepesi vya kitambaa vyenye mkanda wa kunata, na kanuni humtaka kila mshindani awe na vifuko 8 kwa kila mbwa. Yaani hata wao huvipoteza. Nunua vya akiba, na tafadhali, visiwe vyeupe.

Baridi kiasi gani imezidi?

*Ninaye Chihuahua wa kilo 4, jirani yangu ana Husky. Yeye hutembea naye saa mbili popote upepo unapovuma, wangu anatetemeka mlangoni tu. Kuna kipimo cha nyuzi ambacho hatupaswi kutoka? – Msomaji, Portland, Maine*

Hakuna namba moja kwa mbwa wote. Mpaka wa kuanzia ni huu: chini ya nyuzi 7 juu ya sifuri mbwa wadogo wenye manyoya mafupi huanza kutaabika, chini ya sifuri mbwa mdogo, mwembamba, mtoto au mzee yuko hatarini akikaa nje muda mrefu, nyuzi 7 chini ya sifuri, kila mwenye mbwa aanze kuangalia saa, isipokuwa wenye mbwa wa baridi kama huyo Husky. Wako wa kilo 4 akishafika hapo anatoka kujisaidia na kurudi, basi. Hata dakika tano zinatosha.

Halafu upepo. Nyuzi 10 chini ya sifuri, upepo ukiwa wa kilomita 30 kwa saa, ngozi tupu ya binadamu huhisi kama nyuzi 20 chini. Zikiwa 20 na upepo uleule, inakuwa kama 33. Vipimo hivyo vilitengenezwa kwa uso wa mtu, si kwa mwili wenye manyoya, lakini masikio ya Chihuahua na tumbo lake havina tofauti kubwa na uso wako. Anzeni matembezi kwa kuuelekea upepo, ili wakati wa kurudi, mkiwa mmechoka na pengine mmelowa, uwasukume mgongoni.

Tofauti ya mbwa wenu wawili iko kwenye manyoya ya ndani. Husky ana tabaka mbili: nje nywele ndefu zinazokataa maji, ndani manyoya mazito yanayoshika hewa. Mtazame akilala nje theluji ikianguka: inamlundikia mgongoni bila kuyeyuka, kwa sababu joto lake halitoki. Huyo usimvalishe koti. Wako mvalishe, tena lifunike kuanzia mwanzo wa shingo hadi mzizi wa mkia na lizibe kifua na tumbo. Vile vifulana vya mgongoni tu ni mapambo. Koti likilowa livue, kwa sababu kitambaa kilicholowa kinamnyang'anya joto kuliko kukosa koti kabisa.

Dalili za kurudi nyumbani zinakuja kwa mpangilio: anatetemeka, anakunja mkia, anapunguza mwendo, anageuza kichwa kuelekea mlikotoka. Mwili wa mbwa kwa kawaida una joto la nyuzi 38 hadi 39. Likishuka chini ya 37 baridi imeshaingia ndani. La kutisha ni pale anapoacha kutetemeka huku bado ni wa baridi, anakuwa mzito, anajikwaa. Hapo mwili umeishiwa nguvu ya kujipasha moto. Mfunge blanketi kavu, mwekee kifuani na ubavuni chupa za maji ya moto zilizoviringishwa kwa kitambaa, na mwende kwa daktari wa wanyama mkiwa mnampasha. Mashine ya kukaushia nywele iacheni: inaunguza ngozi isiyohisi.

Ncha za masikio, mkia na vidole ndizo zinazogandishwa kwanza. Sehemu iliyoganda hupauka au kuwa ya kijivu, ngumu na baridi kuliko ngozi ya jirani. Usiisugue, wala usiisugulie theluji kama baadhi ya wazee wa huko wanavyofundisha. Ipashe kwa maji ya uvuguvugu ya nyuzi 40 hivi, na tu kama una hakika haitaganda tena njiani. Atalia ikianza kupata joto, maana inauma. Ikigeuka nyeusi siku zinazofuata, ngozi hiyo imekufa na daktari aione.

Na mpeni maji. Mbwa akila theluji anatumia joto la mwili kuiyeyusha, anapata maji kidogo, na akila nyingi anatapika. Beba ya uvuguvugu kwenye chupa ya chai, umpe kidogo kidogo kila nusu saa.

Ziwa limeganda. Tunaweza kukatiza?

*Karibu na kwetu kuna ziwa, na wenyeji wanatembea juu yake na mbwa wao bila wasiwasi. Nitajuaje kwamba barafu imekomaa? – Msomaji, Tampere, Finland*

Kwa kuitoboa na kuipima. Barafu ngavu, inayoonyesha weusi wa maji chini yake, iwe na unene wa sentimeta 10 kwa mtu anayetembea kwa miguu. Nyeupe kama maziwa, iliyotokana na theluji iliyolowa na kuganda, ina nusu ya nguvu hiyo, kwa hiyo dai sentimeta 20. Usipime mahali pamoja ukaridhika. Penye mto unaoingia ziwani, chini ya daraja, kwenye matete na pembeni mwa gati, barafu huwa nyembamba ingawa katikati gari linapita. Theluji nene juu yake pia inadanganya: inaifunika kama blanketi, barafu haikomai upesi, na nyufa hazionekani.

Wengi wanaozama na mbwa hawakuzama kwa kutembea. Mbwa aliona bata. Bata hukaa kwenye maji yaliyo wazi, na ukingo wa maji hayo ndio wenye barafu nyembamba kuliko pote. Mbwa anatumbukia, mwenyewe anamkimbilia, na barafu iliyoshindwa kumbeba mbwa wa kilo 25 haiwezi kumbeba mtu wa kilo 80. Kwa hiyo ziwani kamba haitoki mkononi, na ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni.

Akitumbukia, usimfuate. Piga namba ya dharura 112 kwanza (wa Marekani na Kanada, 911). Lala kifudifudi ulipo, umwite kwa sauti ya kawaida aelekee alikotoka, kwa kuwa barafu ya upande huo ilishambeba. Mrushie kamba au sogeza tawi refu. Wenyeji wa Finland huvaa shingoni jozi ya misumari yenye mipini, ya kuchoma barafu na kujivutia juu mtu akizama. Ni vya bei ndogo; kabla ya kwenda ziwani nunua.

Siku moja au mbili baada ya kuchovya kwenye maji baridi unaweza kuona mkia umening'inia kama kamba na mbwa hataki uguswe. Ni misuli ya mkia iliyoumia; mapumziko ya siku chache huitengeneza. Usipoona nafuu, daktari.

Jambo la mwisho kwa wa Tampere: Desemba mchana wenu haufiki urefu wa saa sita, kwa hiyo matembezi mengi ni ya gizani. Wewe na mbwa vaeni kitambaa kinachong'aa kikimulikwa na taa za magari, na kwake kiwe kifuani. Kikiwa shingoni manyoya hukifunika.

Kwetu mbwa hulala nje

*Mbwa wa baba yangu kule Musoma hajawahi kuingia ndani. Hapa Minnesota naambiwa nitashtakiwa. Kweli? – Msomaji, St. Cloud*

Inawezekana, banda likiwa bovu. Sheria ya Minnesota inataka mbwa wa nje awe na banda lisilopitisha unyevu, lenye matandiko ya kutosha, na kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi mlango uwe na kizuizi cha upepo. Banda liinuliwe sentimeta 10 hivi kutoka ardhini na liwe dogo: mbwa aweze kusimama, kugeuka na kujikunja, si zaidi. Ndani yake hakuna moto ila joto lake mwenyewe, na banda kubwa hulipoteza. Jaza majani makavu ya ngano, yeye atajichimbia. Blanketi likilowa linaganda kama ubao. Maji nayo yanahitaji bakuli la umeme lisiloganda.

Hayo ni kwa mbwa mwenye manyoya mazito aliyezoeshwa tangu majira ya kupukutika majani. Mwenye manyoya mafupi mwingize ndani, hata kama ni kwenye ukumbi wa mlangoni.

Kulanti sakafuni

*Gari langu linavuja kulanti gereji na mbwa anapenda kunusa pale. Inadhuru? – Msomaji, Toronto*

Inaua. Nyingi ya hizo dawa za rejeta zina ithilini glaikoli, ambayo ina utamu mbwa huufuata. Mililita 5 hivi kwa kila kilo ya uzito zinatosha: mbwa wa kilo 10 ni kama kikombe kimoja kidogo cha kahawa chungu. Mwanzoni anapepesuka kama mlevi, anatapika, ana kiu kali. Kisha anaonekana amepona, na hapo ndipo watu hulala. Siku ya pili au ya tatu figo zinakufa. Dawa ipo, lakini ianze ndani ya saa chache za mwanzo, kwa hiyo ukimwona analamba usisubiri dalili. Nenda naye hospitali ya wanyama usiku huohuo pamoja na chupa ya kulanti, wasome kilichomo. Pale palipomwagika mwaga mchanga wa choo cha paka unyonye, zoa, kisha osha kwa maji mengi.

Anivute kwenye skii

*Naona watu wanavutwa na mbwa wakiwa kwenye skii, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji. Wangu ana kilo 20 na miezi tisa. Tuanze? – Msomaji, Oslo*

Subiri afike angalau mwaka mmoja, mifupa ikomae. Kwa sasa mfundishe maneno: kulia, kushoto, simama, pita usiguse. Mfundishe kwa Kiswahili kama unapenda, mbwa hajali, mradi maneno yasifanane kwa sauti. Uzito wake unatosha.

Vifaa ni vitatu: mkanda wa kuvutia unaoshika kifua bila kubana koo, kamba ya mita 2.5 hivi yenye sehemu inayonyumbuka, na mkanda mpana wa kiunoni kwako wenye kifungo cha kufyatua haraka. Skii zisiwe na kingo za chuma. Ukianguka zinakata miguu ya mbwa. Anzeni na kilomita 2. Usimlishe shibe saa mbili kabla ya kukimbia. Na usimwongezee chakula kwa kusikia kwamba mbwa wa Iditarod hula kalori 10,000 kwa siku. Wale hukimbia zaidi ya kilomita 1,500. Pitisha kiganja ubavuni kila wiki. Mbavu zisikike bila kubonyeza. Zikianza kuhesabika kwa macho, ongeza.

Sheria ya Norway inamtaka mbwa afungwe kamba au alindwe tangu 1 Aprili hadi 20 Agosti. Nje ya tarehe hizo manispaa nyingi zina masharti yao, hasa penye ng'ombe, kondoo na kulungu wa kaskazini. Soma ya kwenu.

Na sisi wa Moshi?

*Nyie mnaongea na wa Ulaya tu. Theluji ipo hapa juu yetu. Naweza kumpeleka mbwa wangu kwenye kilele cha Kibo akaione? – Msomaji, Moshi*

Hapana, Bwana. Kilimanjaro ni hifadhi ya taifa, na mbwa wa nyumbani haruhusiwi kupita lango. Si ukali wa askari. Mbwa hubeba kichaa na homa nyingine zinazoingia porini: mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliua simba wapatao 1,000 Serengeti, karibu theluthi ya wote, na wanaoshukiwa kuuanzisha ni mbwa wa vijiji vya jirani. Mbali na hayo, Kibo ni mita 5,895. Mbwa naye huugua kwa uhaba wa hewa, na hawezi kukwambia kwamba kichwa kinamuuma.

Mchanjeni, kisha mtembee njia za mashamba ya kahawa upande wa Marangu, chini ya lango. Tokeni saa kumi na mbili asubuhi. Ikifika saa nne mawingu yanaweza kuwa yameshapanda, na kilele hamtakiona.